Pambizo za Chuo cha Mtongwe

Mwanangu Mishi,

Salamu tumeshapeana asubuhi ukanishika mkono, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Umevuka kwenda Likoni na mama yako kuaga jamaa. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika, maana kwa mdomo nimejaribu tangu ulipopata barua ya kukubaliwa masomo ya ukutubi huko Kampala, na kila nikiyakaribia maneno yenyewe, najikuta nakuuliza kama umekula.

Sasa ni baada ya adhuhuri. Sanduku lako liko wazi kitandani, na juu yake umeziweka leso mbili za marehemu bibi yako. Gari la moshi ni kesho jioni. Blanketi la njiani, chakula cha behewani, atakayekupokea stesheni, hayo mama yako ameshakwambia mara tatu na kesho atakwambia ya nne. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema mwanzo ili nisije nikapata njia ya kulikwepa huko mbele.

Vile vikaratasi vya bibi yako havikuliwa na mchwa. Nilivichoma mimi.

Najua umesimama hapo hapo ukarudia kusoma. Siku ya hitima ya bibi, mama yako mdogo Saumu alisema mbele ya wanawake wote kwamba Omari, yaani mimi, ndiye aliyewatoa shambani Mtongwe. Ukasimama. Ukamwambia, "Wewe mzushi. Baba yangu hajapoteza hata karatasi moja tangu aanze kazi. Muombe radhi." Saumu hakuomba radhi, na wewe hujampa mkono mpaka leo. Mimi niliyasikia yote nikiwa barazani na wanaume. Nilitazama viatu vyangu. Ningeingia ndani nikasema neno moja tu, ugomvi wenu ungekwisha pale pale, lakini nilikaa nikangoja kahawa ipite.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mengine unayajua, ila uliyoyasikia kwangu yalikuwa ya kujisifu.

Kabla ya vitabu nilikuwa karani wa shehena Kilindini, kazi ya kuandika alama za magunia kutwa nzima juani. Ilipofunguliwa ile maktaba ndogo hapa Changamwe, chumba kimoja nyuma ya ukumbi, walitafuta mtu anayesoma Kiingereza na khati za Kiarabu pia, nikapata kazi. Nilikuta makabati mawili. Vitabu vyake vilikuwa vya wafalme wa Uingereza, vya kufuga kuku katika nchi za baridi, na kimoja kinene cha kutunza farasi. Farasi, Changamwe! Wafanyakazi wa bandari na wa reli walikuwa wakiingia jioni, wanafungua, wanatazama picha, wanafunga. Siku moja mtu mmoja wa bara, aliyekuwa akifanya kazi Kipevu, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na nyinyi watu wa hapa hamkuandika kitu?"

Neno lile liliniuma, wallahi. Sisi hatukuandika? Nyumba ngapi za Mtongwe, za Kisauni, za Kongowea zina vyuo, vile vitabu vikubwa vilivyoandikwa kwa mkono, vya dua na tiba na tenzi na nasaba? Vilikuwa chini ya vitanda, ndani ya masanduku ya mbao, vimefungwa kwa vitambaa. Nikamwandikia Mzungu wa Elimu, yule tuliyekuwa tukimwita Bwana Mkubwa, nikaomba ruhusa ya kuvikusanya vyuo hivyo mahali pamoja, watu wavisome na wenye kuchunguza mambo ya Pwani wapate pa kuanzia. Akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakikuwa kitu cha kumsumbua.

Miaka iliyofuata ndiyo niliyokuwa na furaha kuliko yote maishani, na ndiyo inayonitia aibu sasa. Kila Ijumaa baada ya sala nilipanda baiskeli. Nilikaa kwenye mabaraza ya watu, nikanywa kahawa yao, nikasikiliza habari za magonjwa yao, na saa ya tatu ndipo nilipotaja chuo. Wengine walinifukuza. Mzee mmoja wa Kisauni alinifanya nirudi mara saba, mara ya saba akanipa chuo cha nasaba na mbuzi juu yake, mbuzi nikamrudisha. Nilikuwa nina ulimi mzuri. Nilikuwa nawaambia, "Huku ndani kitaliwa na wadudu, kule kwangu kitakaa karne." Watu waliniamini. Wewe ulikuwa ukitoka skuli unakuja kukaa chini ya dirisha la maktaba, unanitazama nikiandika kadi, na nafikiri hapo ndipo ulipoipenda kazi hii. Nakuomba uendelee kuipenda. Kazi haina kosa.

Chuo cha bibi yako kilikuja mwisho. Unakumbuka adabu ya ukwe aliyokuwa nayo. Hakuwahi kukaa nami mkeka mmoja, hakuwahi kunitazama usoni. Akitaka kusema nami alisema kutoka nyuma ya pazia la mlango. Siku hiyo tulikuwa Mtongwe, nimeketi nje, sauti yake ikaja.

"Mkwe wangu, nasikia wakusanya vyuo."

"Naam, mama."

"Hiki ni cha babangu. Mambo yetu yote yamo humu, ya dini na ya ndani. Nakupa amana, si zawadi. Siku nikikihitaji, nitakwambia."

Mama yako akakitoa nje akanipa kwa mikono miwili. Kilikuwa kimefura kama mtu aliyekula futari yote peke yake. Kila baada ya kurasa chache kulikuwa na vikaratasi, vingine vimeshonewa kwa uzi, vingine vimekunjwa tu vikatiwa. Na pambizo zake, ile nafasi tupu inayozunguka maandishi, zilikuwa zimejaa wino wa watu wanne au watano. Niliona kipande cha nywele za mtoto kimefungwa uzi. Niliona jani kavu.

Sasa, hili ulijue, maana Kampala hawatalisema. Nyumba zile hazikuwa na kabati la hati. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kinafukiwa shambani, na mkubwa wa ukoo anampa minazi kadhaa iwe yake, hata kama ardhi ni ya wote. Kitu kama hicho huandikwa. Na hakuna mahali pa kuandika palipo salama kuliko chuo, kwa sababu chuo hakuna mtu atakayekitupa. Kwa hiyo dua ya homa ilikuwa katikati ya ukurasa, na pembeni yake nani alizaliwa, nani alikufa, na mnazi upi ni wa nani, hadi mpaka wa shamba lenyewe. Chuo ndicho kilichokuwa sanduku lao la hati. Kila mtu wa Mtongwe alilijua hilo. Hata mimi niliyekulia Likoni nililijua, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Ikaja habari kwamba wageni wakubwa watapita kuitazama maktaba. Bwana Mkubwa alikuja, akavitazama vyuo vyangu rafuni, akasema karatasi zilizolegea zinaleta wadudu. Ni hayo tu aliyoyasema. Wazo la kuvijalidi vyote rangi moja, kwa kitambaa chekundu, vilingane kimo kama askari kwenye gwaride, lilikuwa langu. Nilitaka mgeni akiingia aone kwamba na sisi tuna maktaba. Yule mtu wa Kipevu na swali lake alikuwa bado kichwani mwangu.

Nilivisafisha vyuo kabla ya kuvipeleka kujalidiwa. Nilikaa mchana mzima na kapu miguuni, nikitoa kila kikaratasi kilicholegea, na nyuzi, na majani, na zile nywele. Kimoja nilikisoma. Kilisema fulani kapewa minazi mitatu ya njia ya kisimani. Nakumbuka nilivyofikiri, kwa maneno haya haya: haya ni mambo ya nyumbani, si elimu. Kisha nikakitia kapuni. Kapu nikalichukua nyuma ya ukumbi, nikavichoma vyote pamoja na magazeti ya zamani. Hakuna mtu aliyeniagiza, na mchana ulikuwa mweupe.

Mjini alikuwako fundi wa kujalidi, mzee wa Kihindi, mtaratibu sana. Alikifungua chuo cha bibi yako juu ya meza yake, akaweka kidole pembeni. "Bwana, hii pembeni iko maandiko mingi. Mimi kata?"

Alinipa nafasi. Aliniangalia kabisa, akangoja. Ningeweza kusema acha, na chuo kingebaki kikubwa kuliko vingine kwa upana wa vidole viwili. Nikasema, "Kata."

Kwenye kadi nikaandika: Dua na tiba. Mtongwe. Mwandishi hajulikani. Jina la mwandishi lilikuwa kwenye pambizo ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa baba yake bibi yako, na mimi nilikula kwenye nyumba aliyoijenga.

Wageni walikuja, wakasifu. Barua ya sifa ndiyo ile iliyokuwa ukutani juu ya kichwa changu, ambayo umeipangusa vumbi kila Ijumaa tangu ulipoweza kuifikia. Inasifu usafi wa mkusanyo wangu. Leo nimeiteremsha, na ukutani pamebaki alama nyeupe ambayo mama yako ataiona kabla hajavua viatu.

Mishi, kama ingekuwa ni hayo tu, ningekuwa mtu mjinga aliyeharibu kitu, na wajinga husamehewa. Yaliyofuata ndiyo ninayoyaogopa.

Mwaka uliofuata tajiri mmoja wa kisiwani alitokea na hati yenye mhuri, akasema shamba la Mtongwe ni lake, alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Kina bibi yako wakaambiwa walete ushahidi. Afisa wa ardhi alikuja kusikiliza maneno Likoni, ndani ya skuli, watu wamejaa mpaka madirishani. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa upole kama ukoo una maandishi yoyote yanayoonyesha wamegawana shamba hilo tangu zamani. Saumu akasimama haraka, karibu acheke kwa furaha. "Yapo, Bwana! Yamo katika chuo cha babu. Kiko maktaba, kwa shemeji yangu."

Wote wakageuka kunitazama. Unajua nilivyokuwa nikipenda kutazamwa.

Nilikuwa nimeagizwa nikilete, nacho kilikuwa mapajani mwangu, chekundu, kizuri. Afisa akakifungua ukurasa baada ya ukurasa. Pambizo zilikuwa nyeupe na nyembamba, na huku na huku mkia wa herufi uliokatwa nusu. Yeye hakujua khati zile, lakini macho alikuwa nayo. Akaniuliza, "Kabla hakijajalidiwa, kitabu hiki kilikuwa na maandishi mengine pembeni, au karatasi nyingine ndani?"

Ningesema ndiyo. Ningesema nilizikata pambizo na kuvichoma vikaratasi, na maandishi yalisema hivi na hivi, kwa sababu kimoja nilikisoma mwenyewe na pambizo nyingi nilizipitia. Ushahidi wa mkutubi ungekuwa na uzito. Labda usingetosha, sijui. Lakini niliiona kazi yangu ikiondoka, nyumba hii ya kazi ikiondoka, na ile barua ukutani, na ada yako ya skuli. Najua hilo la mwisho nimeliweka ili nipendeze. Kwanza kabisa niliiona barua.

Nikasema, "Sikumbuki, Bwana. Kama vilikuwako, labda viliingiliwa na mchwa."

Saumu akapiga ukelele, "Muongo!" Bibi yako alikuwa kando yake, amejifunika buibui mpaka machoni. Yeye alikuwa anajua kila neno lililokuwa katika chuo kile. Angeweza kusimama akanikanusha. Lakini ni mtu na mkwe wake, mbele ya watu. Alimshika Saumu mkono akamketisha. Nilimsikia akisema, "Nyamaza, mwanangu. Huyo ni mkwe wetu." Adabu ile ile niliyokuwa nikiisifia kwa watu ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo iliyomtoa shambani kwake.

Walipewa muda wa kuangua nazi zilizokomaa, kisha wakahama. Saumu na mumewe wakapanga chumba Likoni. Bibi akaja kukaa nasi hapa.

Ulikuwapo, uliona. Hukuona nilichokuwa nikikiona mimi. Kila siku mama yako akipakua, bibi alikuwa akiuliza kutoka chumbani kama mkwe wake amewekewa kwanza. Kila nikitoka kazini alikuwa akisukuma mlango wake uwe wazi kidogo tu, aniamkie bila kunitazama, halafu anaufunga. Hakuniuliza habari za chuo. Ningependa anitukane, ningependa aniapize. Nilikula chakula chake cha kwanza kila siku kwa miezi, nikaimaliza sahani.

Masika yale, unyevu uliingia maktaba. Chuo chekundu cha Mtongwe kikavimba, jalada la nyuma likabanduka. Nilikibeba mezani kukigandisha tena. Ndani ya jalada, kati ya ubao na kitambaa, yule fundi alikuwa ametia karatasi kuukuu kuongeza unene, kama mafundi wafanyavyo, na moja katika hizo ilikuwa ni kikaratasi nilichokisahau nyuma ya chuo. Kilikuwa kimekunjwa mara nne. Khati ilikuwa ya kaka yake bibi yako, ile yenye vichwa vikubwa vya herufi. Kilitaja mipaka ya shamba kwa pande zote nne, kwa majina ya majirani. Chini yake kilisema: Kazaliwa Mishi binti Omari, Ijumaa, mwezi wa Mfungo Tatu. Kitovu chake kimefukiwa penye kisima. Minazi minne ya upande wa kibla wa kisima ni yake, asinyang'anywe na mtu.

Siku za kukata rufaa zilikuwa bado hazijaisha. Hilo nililijua nilipokuwa nikikisoma. Nalisema waziwazi kwa sababu ndilo ambalo moyo wangu umejaribu kulisahau kuliko yote.

Nikakitia mfuko wa shati, nikarudi nyumbani. Bibi alikuwa mgonjwa, ameacha kula. Mama yako alinifungulia mlango wa chumba, kwa kuwa ugonjwa hulegeza adabu kidogo, nikaingia nikasimama karibu na kitanda. Alikuwa ameufunika uso wake kwa leso, mojawapo ya hizi mbili zilizo juu ya sanduku lako.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mkwe wangu, chuo cha babangu ki salama?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimekishika. Kukitoa kungekuwa kusema kwamba niliongopa mbele ya afisa wa serikali na mbele ya ukoo mzima.

"Ki salama, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Siku ya nane alifariki, na siku za rufaa zikapita tukiwa katika matanga.

Sijui kama alikuwa akiniuliza au alikuwa akinipa nafasi, kama yule fundi. Nimelala na swali hilo kwa zaidi ya mwaka.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtongwe peke yangu. Kisima kimefukiwa. Minazi yako minne imekatwa, pamejengwa ghala la bati. Mlinzi aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nimepotea njia, akanionyesha njia ya feri, na mimi nilikulia upande ule ule.

Mwezi ujao bendera inateremshwa. Kila baraza ni maneno ya uhuru na ya Mwambao utakuwa wa nani, na vijana wanapiga rangi milango. Bwana Mkubwa ameshakwenda kwao na makreti yake. Nilikuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba nanyamaza kwa sababu ya Mzungu, kwamba siku akiondoka nitafunua kinywa. Ameondoka, na asubuhi iliyofuata niliamka na hofu yangu ile ile. Kumbe ilikuwa yangu mwenyewe.

Unakwenda kujifunza kazi hii na watakufundisha vizuri, namna ya kupanga na kuandika kadi na kuzuia wadudu. Mimi nina machache. Mtu akikuletea kitu, muulize kilikuwa kimekaaje nyumbani kwake, na nani alikuwa akikifungua, na siku gani. Kisha kiache kikae vivyo hivyo. Ukikuta ndani yake kitu unachokiona takataka, andika kwamba umekikuta, ukirudishe pale pale ulipokitoa. Sikujua thamani ya nilichokichoma kwa sababu nilikuwa nimeshaamua, kabla ya kukisoma, elimu ni ipi. Utajaribiwa vivyo hivyo, maana utarudi na cheti na utakuwa na haraka ya kuonyesha.

Na utakosea. Hakuna mkutubi asiyekosea, karatasi ni nyingi na macho ni mawili. Siku utakapokosea, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Kosa langu la kapuni lingeweza kubebwa na watu wazima wakakaa wakatafuta la kufanya. La pili, pale skulini Likoni, halikubebeka. La tatu, pale kitandani, hata sina jina lake.

Wiki hii nimefanya jambo moja. Nimeitoa ile kadi ya zamani nikaandika mpya, nayo iko katika droo, mtu yeyote atakayeifungua ataikuta. Inasema: Dua, tiba, na kumbukumbu za ukoo. Mtongwe. Mwandishi: Mwalimu Mwinyihaji bin Juma. Pambizo zilikatwa na vikaratasi vilichomwa na Omari, mkutubi. Kimoja kimebaki, ni mali ya Mishi, kitukuu cha mwandishi. Nimeandika kwa wino. Wino ulipokauka ndipo nilipopata ujasiri wa kushika karatasi hii.

Nitakwambia na hili, maana nimeahidi kutokwepa. Nilipoanza kuandika, nilikusudia kuitia barua sandukuni chini ya leso, uikute ukiwa umeshapita Voi. Ningekuwa nimekaa hapa na mama yako, tunakunywa chai, yeye hajui, na wewe unalia peke yako mbele ya abiria. Nilipofika penye bibi na swali lake, nikaona ni kile kile. Ni kusema ki salama kwa mara nyingine.

Kwa hiyo siitii sandukuni. Mkirudi, mkishasali magharibi, nitawaketisha nyote wawili nami nitawasomea barua hii yote, mpaka hapa. Mama yako ana haki ya kuisikia kwa mdomo wangu, yeye aliyenipa chuo kwa mikono yake miwili. Akiamua nitoke nyumba hii, nitatoka. Wakubwa wa kazini nao nitawaandikia, na watakaloamua nitalipokea.

Kesho asubuhi kuna wakati kabla ya gari la moshi. Tutavuka kwenda Likoni, kwa Saumu. Chuo nitakibeba mimi, kikaratasi utakibeba wewe, ni chako. Sijui kama kuna mahakama itakayokisikiliza sasa, na minazi yenyewe haipo. Lakini Saumu aliitwa mzushi mbele ya watu kwa jambo la kweli, na wewe uliyemwita hivyo ulifanya kwa kunipenda. Nitasimama mlangoni kwake niseme.

Feri ya saa kumi imeshashusha watu zamani. Mtafika wakati wowote. Mwanangu, mlangoni pale Saumu akikunyoshea mkono, mpe wako bila kungoja. Wangu unaweza kuuacha.

Baba yako,
Omari